Fukwe za likizo ya Juni kwa familia ya Mbeya au Iringa: ipi kwanza, ipi baadaye

Shule zikifungwa mwezi Juni, sisi wa Uyole tunavaa sweta juu ya sweta, na kule Kitulo asubuhi umande unaukuta umeganda kwenye majani. Ndipo watoto wanapoanza kuuliza habari za ufukweni. Wangu nimewapeleka sehemu tano kwa miaka tofauti, na sasa bei ya chumba siyo swali langu la kwanza. Nauliza kwanza barabara itakula siku ngapi. Ukiwa na siku saba, mbili za kwenda na mbili za kurudi, zinabaki tatu, na ya kwanza kati ya hizo watoto wanaimaliza wamelala.

Kwa hiyo nimepanga kwa macho ya mzazi mwenye watoto wadogo na likizo ya wiki moja.

1. Matema

Huu ni ufukwe wa Ziwa Nyasa, wilayani Kyela, na kwa mtu wa Mbeya sioni mshindani. Hazifiki kilomita 150, na lami inakupeleka mpaka kijijini. Unapanda Isongole penye viazi, unapita chai na migomba ya Tukuyu, kisha unateremka. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Mteremko huo unausikia mwilini: tukifika Kikusya, pale tunapokunja kwenda Ipinda, masweta yote yameshavuliwa.

Ufukwe ni mchanga mrefu, na upande wa mashariki Milima ya Livingstone inaingia majini moja kwa moja. Maji hayana chumvi, kwa hiyo mtoto akizama na kuibuka macho hayamwashi. Hakuna kupwa wala kujaa. Ziwa uliloliacha asubuhi unalikuta palepale jioni. Chakula ni wali wa mchele wa Kyela na mbasa, samaki wa ziwa hilo, na mbasa wa kukaangwa akiwa bado mbichi wa asubuhi ile ana ladha ambayo sokoni Mbeya huipati.

Jitahidi Jumamosi ikukute huko, kwa ajili ya soko la vyungu la Lyulilo. Wanawake wa Kikisi wanafinyanga ng'ambo ya pale, Ikombe, na vyungu vinaletwa kwa mitumbwi vikiwa vimepangwa katikati ya nyasi visigongane. Binti yangu alichagua kimoja kidogo chenye michoro myekundu. Mama aliyemuuzia alikigonga kwa kidole mara mbili, kikalia kama kengele, akamwambia, "Umesikia, mwanangu? Hakina ufa." Kile chungu tunapikia maharage mpaka leo.

Sasa tahadhari, na hizi nazisema kwa uzito. Kyela ina malaria, na watoto wa nyanda za juu miili yao haijaizoea. Kagua chandarua kabla hujalipa, na wakirudi nyumbani wakapata homa wapime siku hiyohiyo. Kichocho nacho kipo ziwani: waogeshe mbali na matete na maji yaliyotuama, na baadaye waulize wataalamu wa kituo cha afya kuhusu dawa. Karibu na midomo ya mito msioge kabisa, kwa sababu ya mamba. Halafu kuna upepo. Kuanzia Juni hadi Agosti unavuma kutoka kusini, na Matema ipo ncha ya kaskazini ya ziwa, hivyo kuna siku mawimbi yanapiga kweli. Siku hizo waulize wavuvi, na wakisema hapana, iwe hapana.

2. Bagamoyo

Kwa mtu wa Iringa hii naipandisha iwe ya kwanza. Wengi wanakwenda mpaka Dar es Salaam, wanakwama kwenye foleni, ndipo wanakunja kaskazini. Hakuna haja. Ukifika Chalinze shika njia ya Msata, na kutoka Msata kuna lami ya moja kwa moja mpaka Bagamoyo.

Safari yenyewe ni sehemu ya likizo. Ondoka alfajiri ili mteremko wa Kitonga uupite kabla malori hayajajipanga. Ruaha Mbuyuni nunua vitunguu ukiwa unarudi, siyo ukiwa unakwenda. Mikumi barabara inakatiza hifadhini, na watoto wanaona twiga na swala wakiwa ndani ya gari; endesha polepole, ukimgonga mnyama faini ni nzito. Bagamoyo penyewe kuna magofu ya Kaole na boma la Wajerumani. Bahari inakupwa mbali sana, kwa hiyo ulizia saa za kujaa.

3. Unguja

Anayetamani ile miji ya pwani ya Mediterania anayoiona kwenye simu, vichochoro vyembamba, nyumba za mawe na bahari mwisho wa njia, kwetu anayo Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Napapenda sana. Kinachoushusha hadi nafasi ya tatu ni kalenda: msimu wa wageni unaanza Juni, na bei za vyumba zinapanda wakati huohuo watoto wetu wako nyumbani. Ukiweza kusubiri, subiri.

Ukienda, ndege kutoka uwanja wa Songwe, Mbeya, hadi Dar inaokoa siku nzima ya basi. Boti ya kasi ni kama saa mbili; beba kitambulisho cha taifa ulipe nauli ya Mtanzania. Kwa kuogelea chagua Nungwi au Kendwa. Paje na Jambiani kusi linavuma sana miezi hiyo, na maji yakitoka unabaki unatazama mashamba ya mwani.

4. Mbamba Bay

Ghuba nzuri, tulivu, nayo ya Ziwa Nyasa, na lami kutoka Mbinga ipo. Ila ukitokea Mbeya unazunguka Makambako, Njombe na Songea, na lazima ulale njiani. Mtu wa Songea asinisikilize mimi, kwake ndiyo ya kwanza.

5. Kigamboni

Inafaa kama tayari una ndugu Dar. Vinginevyo hapana.

Kuhusu kulipia: mwaka mmoja nilituma hela yote kwa simu, kwenye namba ya mtu binafsi, tukafika usiku tukakuta chumba kina watu wengine. Watoto walilala kwenye viti vya gari. Tangu hapo natuma kianzio tu, tena kwa namba ya malipo inayosoma jina la biashara. Naulizia chandarua, maji ya bomba, kama chai ya asubuhi imo kwenye bei, na naomba picha ya video ya chumba chenyewe. Mwenye loji niliyempata Matema mara ya mwisho hakukasirika kwa maswali yote hayo. Alitoka nje na simu yake, akanionyesha na ziwa lilivyokuwa asubuhi ile.