Sabufa ya pili sebuleni: inafaa, ila si kwa sababu unayoidhania

Nimeongeza sabufa ya pili, ya inchi 10, mtumba kutoka Kariakoo, laki tatu na nusu baada ya kuvutana sana bei. Kama unaitafuta ili nyumba itikisike, ihifadhi hela yako. Kazi yake ni nyingine: kusawazisha bezi chumba kizima.

Sebule yangu ina urefu wa mita 5 hivi. Chumba cha namna hiyo kinang'ang'ania mawimbi ya bezi ya karibu 34 Hz (mitetemo 34 kwa sekunde): yanajaa ukutani, katikati yanapotea. Kochi langu liko katikati. Kwa hiyo gitaa la bezi la rumba lilikuwa linatoweka noti moja, noti inayofuata linavuma, na shemeji aliyekaa ukutani analalamika kelele.

Ya kwanza nimeiacha chini ya TV, ya pili nimeiweka ukuta wa nyuma, zinatazamana. Waya wa matawi mawili kutoka kwenye ampu, zote nimezikata 80 Hz (zipige sauti za chini ya hapo tu), na kila moja nimeishusha sauti, maana mbili zikipiga pamoja zinaongezana hadi desibeli 6. Swichi ya fezi, inayogeuza mwelekeo wa mtetemo wa sabufa, usiipuuze: kwenye 180 bezi ilinyauka kabisa, kwenye 0 ikarudi nene.

Sasa noti zinasikika moja moja, kochini na ukutani karibu sawa. Kinachokera ni waya mrefu chini ya zulia, na ile ya mtumba inaunguruma kidogo muziki ukizimwa. Kwa bei ile, navumilia.