POR-15 kwenye sakafu ya gari la Ford Mustang la 1967: rangi nzuri yenye masharti
Rangi hii ya kuzuia kutu hushika vizuri zaidi bati lenye kutu kuliko bati linalong'aa. Wengi hukosea hapo hapo: wanasugua mpaka sakafu inameta, wanapaka, halafu inabanduka kama ganda la kitunguu. Ondoa magamba ya kutu kwa brashi ya waya, osha grisi yote, paka dawa ya asidi ya fosforiki, suuza, uache pakauke kabisa. Unyevu ukibaki chini, rangi hutoa mapovu.

Paka mikono miwili myembamba ya rangi, wa pili wakati wa kwanza bado unanata kidogo kwenye kidole. Usichovye brashi ndani ya kopo. Mimina pembeni, futa ukingo, tandika nailoni chini ya mfuniko, la sivyo hutaufungua tena. Glavu na barakoa ya kemikali ni lazima. Jua huiharibu, kwa hiyo panapofikiwa na mwanga paka rangi nyingine juu.

Haizibi matundu, bati lililotoboka likatwe, lichomelewe jipya. Na kwanza mwaga maji kwenye tundu la hewa chini ya kioo cha mbele: yakidondokea ndani ya gari, mahali pa kuweka miguu, kutu itarudi hata upake nini.