Ratiba ya picha au zawadi kwa mtoto mwenye usonji (autism)?

Wazazi wenzangu, mimi nimetumia vyote viwili kwa mwanangu wa miaka 7 na kwa kweli picha ndo zimetuokoa. Unachora tu au unaprinti mswaki, uji, daladala, shule, unabandika ukutani kwa mpangilio, akimaliza kimoja anakibandua mwenyewe anatia kwenye kopo, basi anajua kinachofuata na ule wasiwasi unapungua, maana wengi wao kinachowavuruga ni kushtukizwa. Wataalamu wa TEACCH, mpango wa kusaidia watu wenye usonji kule North Carolina, Marekani, wanatumia ratiba za hivi miaka mingi tu.

Zawadi nazo zinafanya kazi, ila kwa kumfundisha kitu kipya, mfano kuvaa viatu, akivaa tu mpe hapo hapo, ukisubiri jioni hataunganisha. Lakini akishalipuka sababu ya honi na kelele za stendi, jamani pipi haisaidii kitu, ile sio jeuri, masikio yamezidiwa, mtoe pembeni, ongea kidogo, kaa naye mpaka atulie. Na zawadi aliyokwisha kuipata usimnyang'anye eti kwa vile amelia, inamuumiza sana.