Waya uliokataa kuwa shaba: uzoefu wangu wa kufungua ofisi mpya Lubumbashi

Mwezi wa Oktoba 2025 tulifungua ofisi ya pili ya uwakala wetu wa forodha, katikati ya mji wa Lubumbashi, si mbali na barabara ya Mwepu. Kazi yote ya miundombinu, yaani umeme wa akiba, nyaya za mtandao, intaneti na kamera, tuliikabidhi kampuni moja ya hapa mjini kwa mkataba mmoja. Sitaitaja jina, kwa sababu baadhi ya malalamiko yangu yamekwisha kurekebishwa na mengine bado tunayazungumza. Nitaeleza walichofanya vizuri, walipokosea na nilivyogundua makosa hayo, kwa kuwa mengi yalifichwa ndani ya ukuta na mteja wa kawaida asingeyaona.

Kwanza msomaji aelewe kilichokuwa hatarini. Hati zetu zote hupelekwa kupitia mfumo wa forodha wa SYDONIA World. Mtandao ukikatika saa nne asubuhi, lori hubaki limeegeshwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mwenye mzigo huhesabu siku zake za maegesho huku akinipigia simu kila baada ya nusu saa. Kwa hiyo niliwaambia mafundi tangu siku ya kwanza kwamba sihitaji ofisi yenye kasi ya ajabu, nahitaji ofisi isiyozimika.

Upande wa umeme walinifurahisha. Mji wetu hupata umeme kutoka mabwawa ya mto Lualaba, kama Nzilo na Nseke, na kutoka bwawa la Inga kwenye mto Kongo kwa laini yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi inayofika hadi Kolwezi, huku migodi nayo ikiutaka umeme huohuo, na kila mkazi anajua maana ya delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Kabla ya kuandika proforma, yaani hati ya makadirio ya bei, fundi mkuu alipita meza kwa meza akisoma wati za kila kifaa. Kompyuta ndogo 9 za wati 60 kila moja ni wati 540. Vifaa vya mtandao pamoja na kamera aliviwekea 100. Jumla ikawa 640, naye akapendekeza betri moja ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100, ambayo huhifadhi kilowati-saa 5 na kidogo. Ukitoa kinachopotea katika inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, na akiba isiyopaswa kuguswa, inabaki kazi ya saa sita na nusu hivi. Mimi nilitaka betri za risasi kwa sababu bei yake ilikuwa imenivutia, lakini alinieleza kwa upole kwamba hizo hazifai kumalizwa kupita nusu, hivyo ningelazimika kununua karibu mara mbili ya ujazo na kuzibadilisha mapema. Miezi yote iliyopita hesabu yake imekuwa ya kweli.

Printa ya leza aliikataza kabisa kuunganishwa na betri, kwa kuwa inapopasha moto wino wake huweza kuvuta karibu wati 1,000 kwa mara moja. Soketi za betri zilipakwa rangi nyekundu ili kila mtu azitambue. Wiki ya kwanza mwenzetu mmoja alichomeka birika la chai katika soketi nyekundu, inveta ikapiga kelele jengo zima, na tangu hapo hakuna aliyehitaji maelezo zaidi.

Kuhusu intaneti, nilikuwa karibu kusaini na kampuni mbili za nyuzi za kioo nikiamini kwamba mbili ni salama kuliko moja. Fundi aliniuliza kama najua nyaya hizo zinapita wapi. Nilipouliza, kumbe zote mbili zinatoka mjini kwa barabara ileile ya kuelekea mpaka wa Zambia, na shimo moja la watengeneza barabara lingezikata zote siku moja. Basi laini ya pili tukaichukua kwa setilaiti, jambo ambalo mwaka mmoja kabla lisingewezekana, kwa sababu Starlink ilikuwa imepigwa marufuku nchini mwezi wa Machi 2024 na leseni yake ikatolewa Mei 2025. Ruta, kifaa kinachogawa intaneti ofisini, ni ya MikroTik, nayo waliipanga kwa namna iliyonipendeza: haiangalii tu kama kifaa cha mtoa huduma kinawaka taa, bali hujaribu kufikia anwani ya intaneti iliyo mbali zaidi, kwani laini inaweza kuonekana nzima wakati nyuma yake hakuna kitu. Laini kuu ikifa, ya pili hushika baada ya sekunde 20 hivi. Kasoro ni kwamba anwani yetu ya intaneti hubadilika, kwa hiyo mara nyingi tunalazimika kuingia upya katika SYDONIA.

Jambo dogo la kuudhi: huduma kwa wateja ya mmoja wa watoa intaneti iko Kinshasa, ambako saa ziko nyuma yetu kwa saa moja. Wao wakifungua simu saa mbili asubuhi, kwetu imekwisha kuwa saa tatu na foleni ya madereva imefika mlangoni.

Sasa nije kwenye nyaya. Siku ya makabidhiano, fundi kijana alichomeka kipimo chenye taa nane kila upande, taa zikawaka moja hadi nane, akasema, «Patron, mtandao ni safi.» Nikasaini. Kamera ya lango kuu, iliyo mita 70 hivi kutoka kabati la vifaa, ilifanya kazi mchana kutwa. Kila jioni, giza lilipoingia, ilizima, ikawaka, ikazima tena. Walikuja wakabadilisha kamera. Jioni ikazima. Wakabadilisha ya pili, wakasema huenda ni joto, ingawa jua lilikuwa limekwisha kuzama.

Aliyetatua fumbo hili hakuwa mtu wa mtandao. Mwenye nyumba wetu ni mzee aliyestaafu Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na miaka yake mingi aliitumia katika kiwanda cha Shituru kule Likasi, mahali ambapo shaba husafishwa kwa umeme. Alikuja kudai kodi, akaona kipande cha waya kilichobaki sakafuni, akakiokota na kukipima kwa kiganja. Kisha akatoa kisu kidogo, akakwangua.

«Mwana yangu,» akaniambia kwa Kiswahili cha hapa, «hii haiko mukuba.» Yaani, hii si shaba.

Chini ya ngozi nyembamba nyekundu kulikuwa na kitu cheupe. Ulikuwa ni waya wa alumini uliopakwa shaba juu, katika mji ambao mtoto anayeokota vyuma chakavu anajua tofauti kabla hajajua kusoma mizani. Naungama kwamba niliona aibu zaidi kuliko hasira. Proforma ilisema waziwazi «shaba», na boksi la mita 305 lilikuwa limeandikwa hivyohivyo, nami nililibeba kwa mkono mmoja kutoka kwenye gari bila kujiuliza kwa nini ni jepesi.

Hapo ndipo mambo ya jioni yalipoeleweka. Kamera hiyo haina waya wa umeme wa peke yake, hupata umeme kwa waya uleule wa mtandao, na usiku huwasha taa zake za kuonea gizani, hivyo huhitaji nguvu zaidi. Alumini hupitisha umeme kwa asilimia 60 hivi tu ya uwezo wa shaba. Katika urefu wa mita 70, mchana umeme uliofika ulitosha, lakini taa zilipowaka volti zilishuka hadi kamera ikajizima. Ikijizima, mzigo unapungua, inawaka, na mchezo unaanza tena. Kipimo chenye taa nane kisingeweza kuonyesha hilo, kwa sababu kinauliza tu kama waya umefika upande wa pili, hakiulizi umetengenezwa kwa nini. Kipo kipimo cha kweli kinachotoa ripoti ya kila waya, ni cha bei kubwa, na tangu mwanzo ningeliandika katika mkataba kwamba bila ripoti hiyo hakuna malipo.

Meneja wa kampuni alipoitwa hakubisha. Alisema na yeye aliuziwa boksi hilo kama shaba, na huenda ni kweli, ila mimi nilimlipa yeye, sikumlipa muuzaji wake. Walirudi Jumamosi mbili mfululizo, wakavuta nyaya mpya kwa gharama yao, na safari hii nilikwangua waya wa kila boksi mbele yao. Kamera ya lango haijazima tena.

Mzee hakuishia hapo, alizikagua na plagi. Vifaa vyetu kadhaa vilinunuliwa Zambia na vilikuja na plagi za meno matatu bapa, nasi tuna soketi za Kibelgiji, hivyo mafundi walitumia adapta za sokoni. Adapta hizo huwasha kifaa vizuri kabisa, lakini nyingi hazina njia ya waya wa ardhi, ule unaopeleka umeme wa hitilafu ardhini. Kabati zima la vifaa lilikuwa halijaunganishwa na ardhi, na ilikuwa mwezi wa Novemba, mvua na radi za Katanga zikianza. Tulikata plagi hizo na kuweka zinazofaa, kisha fimbo mbili za shaba, shaba ya kweli, zikapigwa ardhini nyuma ya jengo. Kipimo cha ukinzani wa ardhi kilitoa ohm 22, na mzee, ambaye alisomea kanuni za Kibelgiji zinazotaka isizidi 30 kwa nyumba, alitikisa kichwa kukubali, akakumbusha kwamba tupime tena mwisho wa kiangazi udongo ukiwa mkavu.

Kampuni hii ningeipa tena kazi ya betri na ya ruta bila kusita. Kazi ya nyaya ningeipa kwa sharti la kununua maboksi mimi mwenyewe. Waya mmoja wa zamani bado uko chini ya vigae vya chumba cha mikutano, wameahidi mara mbili kuung'oa na hawajaja, na asilimia 10 ya mwisho ya malipo yao bado iko kwenye akaunti yetu.