TAHADHARI: Yule wa "mzigo wa Ujerumani" ni ayari, msimpe hata shilingi

Ile stesheni ndogo ya reli ya mezani niliyowaahidi, mfano wa ile ya Mazeras, hakuna. Wale mnaoniuliza kila siku "imefikia wapi, tupe picha", jibu ndilo hilo, na ndiyo sababu nimekuwa kimya. Nimeliwa. Yule jamaa anayejitangaza kuuza seti za majengo ya reli ya mezani, vipande vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe, "mzigo wa Ujerumani, boksi halijaguswa, Mombasa unaletewa mkononi", ni ayari aliyekubuhu. Heri nichekwe leo kuliko kumwona mwengine wenu akipita njia ile ile. Mtakaocheka chekeni, lakini someni kwanza nilivyofanyiwa, kisha mniambie nani kati yenu angeponyoka.

Kwa nini nataka Mazeras na si kwengine, mnajua, sirudii. Mnajua pia kwamba zile stesheni zetu za kale za mbao na mabati huzipati kwenye boksi. Mpango ulikuwa ule tuliouzungumza kwa Ami: nipate stesheni ndogo ya kijijini ya Kijerumani, skeli ya HO, yaani 1:87, ndogo mara 87 kuliko ya kweli, niondoe vigae, niezeke mabati ya kopo la soda, niongeze baraza kwa mbele, nipake rangi upya. Ukiagiza mwenyewe, nauli na ushuru vinakutoa jasho. Sasa anapotokea mtu yuko hapa hapa mjini, anasema anayo, utamwambiaje hapana?

Tulikutana Moi Avenue, kwenye mkahawa mmoja si mbali na Pembe. Mchana kweupe, watu wamejaa. Alikuja kwa wakati, shati limepigwa pasi, begi mgongoni. Akanisalimia vizuri, akaagiza kahawa, akakataa nisimlipie. Nalisema hilo la kahawa makusudi, maana mwizi tuliyemzoea ni yule anayetaka chako tangu mwanzo. Huyu alinilipia mimi. Mahamri mawili na chai ya maziwa, kwa pesa zake. Hivi sasa najua zilikuwa zangu, zilikuwa bado tu kutoka mfukoni mwangu.

Akaanza na historia. Reli ilianza kujengwa hapa mwaka 1896, ikafika Kisumu 1901, sijui nini na nini. Hayo hayakunibabaisha, kila aliyepita shule anayajua. Kilichonimaliza ni swali moja. Alinitazama, akaniuliza, "Kaka, unajenga ile ya Mwingereza au ya Mchina?" Nikamwambia ya Mwingereza. Akatikisa kichwa. "Basi njia yako isiwe ile ya upana wa milimita 16.5. Reli ya zamani ni ya mita 1. Gawa kwa 87, upate kama 11 na nusu. Tafuta njia ya milimita 12. Ile 16.5 inamkaa Mchina sawasawa, kwa sababu yake ni milimita 1,435."

Wallahi nilitoa kalkuleta ya simu nikapiga hesabu mbele yake. Ikatoka vile vile. Hebu niambieni, katika mji huu ni wangapi wanaolijua hilo? Nyinyi wenyewe tuliokaa nanyi miaka, kuna mmoja wenu (hatajwi, anajijua) aliyetandika njia ya 16.5 na juu yake akatia Garratt, injini ya mvuke ya reli ya Mwingereza. Huyu tapeli akaendelea kunitajia injini ya 5918, Mount Gelai, iliyoko kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na kwamba zile za aina ya 59 zilipewa majina ya milima. Kweli tupu. Nikawa namsikiliza mdomo wazi.

Kisha akaingia kwenye rangi, na hapo ndipo nilipokwisha kabisa. Kuta zipake zikiwa bado kwenye fremu yake, ile ya plastiki inayoshika vipande, usizikate kwanza. Rangi ikikauka, kwangua kingo zile zitakazogusana, kwa sababu gundi ya plastiki huyeyusha plastiki ikaungana yenyewe kwa yenyewe, na ukiiweka juu ya rangi utakuwa umeunganisha rangi kwa rangi. Mabati usiyapake kahawia moja kwa moja. Anza na kijivu, halafu chukua brashi kavu, iguse rangi ya kutu kidogo, ifute kwenye kitambaa mpaka udhani imekwisha, ndipo upitishe juu ya migongo ya mabati. "Na ya Mombasa izidishe upande wa baharini," akaniambia, "chumvi haina huruma." Nani anasema maneno kama hayo kisha anaiba? Hayo ni maneno ya mtu aliyekaa mezani usiku, macho yamemuuma. Mpaka leo naamini huyu mtu anaipenda kazi hii kweli, na ndilo linaloniuma zaidi ya pesa.

Boksi akalitoa mwisho. Limevikwa nailoni, limekazwa. Picha ya stesheni juu, maandishi ya Kijerumani, jina la kiwanda. Faller, Vollmer, Auhagen, majina hayo tunayajua sote. Lilikuwa na jina kubwa namna hiyo, silitaji kwa sababu kiwanda hakina kosa. Nililishika. Lilikuwa na uzito. Nikalitikisa polepole karibu na sikio, nikasikia vipande vinacheza ndani. Nikamwambia tufungue tuone. Hakukasirika. Akatabasamu, akasema, "Ni lako, fungua. Lakini ujue likifunguliwa usipolitaka, nimeliharibia bei kwa mteja wangu wa Nyali, anayetaka boksi zima." Akatazama saa, akasema feri ya Likoni jioni haivukiki, yeye angependa kuwahi. Haya, mwanamume mzima, amekulipia chai, amekufundisha bure, utamwambia "sikuamini, lete kisu"? Pwani hatukulelewa hivyo.

Stesheni ilikuwa shilingi 14,500. Akanionyesha kwenye simu godauni na tangi la maji, vya mbao iliyokatwa kwa leza, vinakuja kwa basi kutoka Nairobi, nitie rubuni ya 6,000 tu. Nikatia. Namba aliyonipa haikuwa yake. "Yangu ina Fuliza, kaka, pesa ikiingia tu wanakata. Tuma kwa shemeji." Na kweli Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, hukata, nani asiyejua? Jina la mwanamke likatokea kwenye skrini, nikabonyeza. Simu ya jamaa ikalia, akashukuru, akaniombea dua. Dua!

Nyumbani sikulifungua peke yangu, na hilo ni la kujuta kivyake. Nilikuwa nimetangaza. Watoto wa dada wapo, Ami yupo kitini, meza nimeipangusa. Nikakata nailoni kwa wembe, taratibu, nikijifanya daktari. Chini ya boksi kulikuwa na kipande cha plaiwudi, kimelazwa ili kutia uzito. Juu yake kuta, na kuta zenyewe si plastiki. Ni rezini, ile inayomiminwa majimaji ikagumu, mtu amechukua stesheni ya mwenziwe akaifanyia kalibu, akamimina nakala jikoni kwake. Vishimo vya povu kila mahali. Ukuta wa mbele umepinda, ukiuweka mezani unacheza. Madirisha yametoka seti nyengine, milango seti nyengine tena. Fremu moja ilikuwa ya vipande vya uzio, ndiyo iliyokuwa ikinichezea sikioni. Karatasi ya maelekezo ni fotokopi ya seti nyengine, ya kujenga kanisa.

Nikachukua rula. Mlango wa mita 2 kwa HO hukaribia milimita 23. Ule ulikuwa 13. Hiyo ni skeli ya N, 1:160. Nikamleta stesheni masta wangu, yule niliyempaka sare nyeupe mkamsifu, nikamsimamisha mlangoni. Mlango unamkomea kifuani. Watoto wakavunjika mbavu. Ami akakitwaa kipande cha ukuta, akakigeuza, akauliza, "Hii Ujerumani ni ya upande gani wa Kongowea?" Mpaka sasa akiniona ananiamkia kwa Kijerumani chake cha kubuni.

Hata hivyo sikukata tamaa siku ile. Niliziosha kuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maana rezini hutoka kwenye kalibu na mafuta. Ule uliopinda niliutia maji ya moto ulegee, nikaulaza chini ya kioo. Ulinyooka, ukapoa, na kufikia asubuhi umepinda tena, safari hii upande wa pili. Gundi ya plastiki haikushika, na haiwezi kushika, rezini haiyeyuki kwayo. Supagluu ilishika, lakini ukungu wake ukayapaka madirisha weupe, stesheni nzima ikawa na mtoto wa jicho. Praima, ile rangi ya chini ya kushikiza, ilikauka vizuri, nikafurahi, nikaigusa kwa ukucha ikatoka ganda zima. Hapo nikaacha.

Nilimpigia. Mara ya kwanza, "tulia kaka, kiwanda kimekosea, nitakubadilishia." Kiwanda! Baadaye simu inaita haipokelewi. Kisha picha yake ya WhatsApp ikatoweka, nikajua nimezibwa. Ujumbe wa M-Pesa niliupeleka namba 456 ya Safaricom kuomba pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zishatolewa zamani. Godauni halikuja, tangi halikuja. Ukurasa wake haujafungwa, amebadilisha jina tu, na picha ni zile zile, na bado wiki hii kuna kijana wa Bamburi ameniuliza kama namjua. Mama mmoja wa Tudor yeye alishanunua, zawadi ya mwanawe aliyefaulu mtihani. Mtoto. Amemuuzia mtoto.

Sasa, huyu mtu afanywe nini? Nimeulizia. Kupata mali kwa udanganyifu ni kifungu cha 313 cha sheria ya adhabu ya Kenya, na kifungo chake ni miaka 3. Mitatu! Ami anasema apigwe. Mimi sisemi apigwe, mkono wa mtu ukivunjwa tutakuwa sisi ndio washtakiwa. Mimi nasema afungiwe chumba kisicho na feni, mwezi wa pili, apewe stesheni ya skeli ya N na brashi ya nywele tatu, apake tofali moja moja, kila tofali rangi yake, na mistari ya saruji katikati. Akimaliza, ioshwe kwa spiriti aanze upya. Halafu alipe. Halafu anirudishie na ile chai nimtapikie.

Mnaoniuliza "hukuona dalili?", haya. Jina la M-Pesa si la mtu uliyekaa naye, hiyo peke yake ingetosha. Namba ya bidhaa pembeni mwa boksi ilikuwa imekwanguliwa, nikadhani imechubuka safarini. Ukipewa namba hiyo itafute, uone seti yenyewe ni ipi na skeli gani. Picha zake hakuna hata moja iliyopigwa kwenye meza ya mtu wa hapa. Maoni kwenye ukurasa ameyafunga. Nailoni yake ilikuwa na mshono uliochomwa kwa moto, kama wa karanga za duka. Na ukikutana na muuzaji yeyote, nenda na rula yako na ufungue hapo hapo, mteja wa Nyali akalie. Kuna jengine kuhusu bei ya rubuni nililotaka kusema, limenitoka, na kwa kweli kila nikiandika dalili narudi kumfikiria alivyoomba ile dua, mkono kifuani, macho amefumba. Laanatullahi.

Wanaojua mama wa namba ile ya M-Pesa ni nani wasiliandike jina lake hapa. Huenda naye ametumiwa tu, simu yake. Nipeni faraghani.

Nakwenda kituo cha polisi cha Central Jumatatu asubuhi. Boksi ninalo, nailoni ninayo, ujumbe wa M-Pesa haujafutwa, na stesheni masta nitamchukua aonyeshe mlango ulipomkomea. Mama wa Tudor amekubali kuja. Kijana wa Bamburi, kama ulishatuma rubuni, usione haya, tukutane saa 3 getini na uje na ujumbe wako. Wengine mliolipa, niandikieni kabla ya Jumapili usiku niwatie kwenye orodha, kwa sababu mlalamikaji mmoja wataniambia ni biashara imeharibika, tukienda wanne watachukua kalamu.