Jezi ya Weah ya Milan kutoka Kariakoo: kitambaa safi, mwaka umekosewa

Winga, yaani dalali wa dukani, alianza na 55,000. Tukamalizana kwa 35,000, na 5,000 nyingine ya kubandika jina na namba. Ni jezi ya zamani ya AC Milan iliyotengenezwa upya: mistari myekundu na myeusi, nembo ya Lotto, Opel kifuani, namba 9 mgongoni na juu yake WEAH, yaani George Weah, mshambuliaji wa Liberia aliyekuja kuwa rais wa nchi yake. Kopi, na muuzaji hakuficha. Nimeshaichezea bonanza la maveterani na imefuliwa vya kutosha, kwa hiyo naweza kuizungumzia.

Kitambaa kimenishinda kukisema vibaya. Kizito kiasi, hakigandi mwilini ukitoka jasho, na nyekundu haijachuja kwenye nyeusi. Mishono ya mabega imekaa. Saizi ndiyo inadanganya: XL imenikaa kama L, na mwenye kitambi kama changu achukue moja ya juu zaidi bila kuona haya. Namba ni ya kubandikwa kwa moto, mkia wa 9 umeanza kunyanyuka. Usiipige pasi, na iloweke kwenye maji baridi.

Sasa tatizo langu. Lebo imeandikwa 1995, na kijana wa dukani akaniapia kuwa ndiyo jezi ambayo Weah alichukulia Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora. Mdogo wangu, hapana. Kifuani kuna ngao ndogo ya rangi za bendera ya Italia, na ngao hiyo huvaliwa na bingwa katika msimu unaofuata. Ubingwa wa Italia wa 1994/95 ulikuwa wa Juventus. Milan ya kocha Capello, Weah akiwemo, ilibeba msimu wa 1995/96. Kwa hiyo jezi yenye ngao ni ya 1996/97. Na hiyo Ballon d'Or ya 1995, mwaka wa kwanza wachezaji wasio wa Ulaya kuruhusiwa kuigombea, sehemu kubwa aliitolea jasho akiwa na PSG ya Ufaransa. Huko ndiko alikoibuka mfungaji bora wa Ligi ya Mabingwa, kabla hajahamia Milan majira ya joto. Mpaka leo hakuna Mwafrika mwingine aliyeichukua.

Lakini muuzaji angejua anachouza, angeongeza bei. Ndiyo jezi ya tarehe 8 Septemba 1996, San Siro, Milan na Verona. Verona wamepiga kona, mpira unamwangukia Weah ndani ya boksi lake mwenyewe. Anautuliza, anaondoka nao. Katikati ya uwanja wanambana, anajizungusha anatoka, anachanja mbuga mpaka boksi la pili na kufunga. Milan walishinda 4-1, na mabao mengine hakuna anayeyakumbuka. Novemba mwaka huohuo, baada ya mechi na Porto, alimpiga kichwa beki wao Jorge Costa na kumvunja pua. Alisema alitukanwa kwa rangi yake, Costa akakana, UEFA ikamfungia mechi sita. Na hao mabingwa wenye ngao kifuani wakamaliza ligi nafasi ya 11! Msimu mzima uko kwenye kitambaa hiki, wao wanaandika 1995.

Dukani wanaiita "jezi ya rais". Ni kweli mtoto wa Clara Town, Monrovia, aliyelelewa na bibi yake, aliapishwa Januari 2018 baada ya kushindwa na Ellen Johnson Sirleaf mwaka 2005 na kupitia useneta. Urais wenyewe siusifii sana. Maisha yalipanda, watu wakajaa barabarani mwaka 2019. Ila mwaka 2023 mpinzani wake Boakai alipomzidi kwa kura chache, Weah alimpongeza hata kabla matokeo ya mwisho hayajatangazwa. Hilo nampa, kwa sababu tunawajua wasioweza.

Mimi nilikuwa naitaka nyingine: ya Liberia, namba 14. Ya Milan alipewa na klabu tajiri. Ile ya Lone Star, timu ya taifa ya Liberia, enzi za vita, alikuwa anailipia mwenyewe, pamoja na nauli za wenzake na vifaa, na kuna wakati alikuwa kocha pia. Kwa pesa hizo walifika Kombe la Mataifa ya Afrika 1996 na 2002, na Kombe la Dunia la 2002 likawakosa kwa pointi moja nyuma ya Nigeria. Septemba 2018, tayari rais na miaka 51, aliivaa tena dhidi ya Nigeria hao hao kwenye mechi ya kuistaafisha namba hiyo. Akacheza dakika 79. Sijui kocha gani angethubutu kumtoa mapema. Kombe la Dunia amelionja kwa mwanawe Timothy, aliyeifungia Marekani dhidi ya Wales mwaka 2022.

Nilipoiulizia, walinitolea ya Ureno. Rangi inafanana, wakasema.

Huduma ni ya Kariakoo: haraka na kelele. Simama hapohapo kwenye mashine ya kubandikia na uyaandike mwenyewe majina kwenye karatasi, maana aliyenitangulia alikuwa anarudisha yake imeandikwa WEHA. Risiti ukiomba unapewa, kubadilisha saizi wanakubali ikiwa hujabandika jina. Nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezikata kwa ajili ya lebo na huo mkia wa 9. Wakileta ya Liberia, hata bila jina mgongoni, nina 40,000 yangu na sitabishana bei.