Laptopu inayolala mang'amung'amu: uzoefu wangu wa miezi minane

Ikiwa wazi mbele yangu, laptopu hii sina neno nayo. Skrini safi, kibodi laini, feni huisikii. Shida inaanza ukiifunga.

Wiki ya kwanza niliifunga jioni betri ikiwa asilimia 84, nikaitia kwenye begi. Asubuhi begi lina joto kama limebeba chakula, na betri imebaki 29. Nikalaumu betri. Nikalaumu na kivinjari. Kumbe vyote viwili nilivionea.

ACPI, kanuni za jinsi kompyuta inavyodhibiti umeme wake, ambazo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1996, zina hali iitwayo S3: karibu kila kitu kinakatiwa umeme, inabaki RAM tu, yaani kumbukumbu ya muda, ikishikilia kazi uliyoiacha. Huko ndiko kulala fofofo. Laptopu nyingi za siku hizi zimeachana nayo, zinalala mang'amung'amu: mashine haizimiki, prosesa inajaribu tu kutulia hadi ngazi ya chini kabisa. Inaamka upesi, sikatai. Lakini kifaa kimoja kikigoma kutulia, nyumba nzima inakesha.

Mimi natumia Linux. Nilipofungua faili la /sys/power/mem_sleep nilikuta neno moja tu, s2idle, ndiyo ile ya mang'amung'amu. Neno deep, ambalo ndilo S3, halikuwepo. Mwenye Windows aandike powercfg /a, ataonyeshwa aina za usingizi ambazo mashine yake inazikubali. Na kama S3 haipo kwenye programu dhibiti, ile iliyomo ndani ya mashine yenyewe, mfumo endeshi hauna ujanja.

Huduma kwa wateja waliniambia nirudishe mipangilio ya kiwandani. Nikarudisha. Tuyaache hayo.

Mwezi wa nne likaja sasisho la programu dhibiti, maelezo yake mstari mmoja usiosema kitu. Nikalisakinisha, nikaingia BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio ya programu dhibiti, nikakuta chaguo jipya la aina ya usingizi. Nikachagua S3, deep ikajitokeza, nikaongeza mem_sleep_default=deep kwenye vigezo vya kerneli, kiini cha Linux. Usiku huo betri ilishuka kutoka 84 hadi 82. Nilitazama mara mbili.

Sasa ikawa inalala vizuri, ila inaamka vibaya. Padi ya mguso haikuwa inarudi. Kishale kimeganda katikati ya skrini mpaka niwashe upya. Dawa yake ilikuwa kuiondoa moduli ya i2c_hid_acpi, kipande cha programu kinachoiendesha padi, na kuirudisha. Nikaandika skripti fupi, nikaiweka kwenye /usr/lib/systemd/system-sleep, ambako systemd, msimamizi wa huduma za Linux, huiita kabla ya kulala kwa neno pre na baada ya kuamka kwa neno post. Tangu hapo padi haijanisumbua.

Halafu ikaanza kuamka yenyewe usiku, kifuniko kikiwa kimefungwa. Faili la /proc/acpi/wakeup huorodhesha vifaa vyenye ruhusa ya kuiamsha mashine, na kwangu mchawi alikuwa XHC, yaani kidhibiti cha USB: kipokezi cha kipanya kisichotumia waya kilikuwa kinaishtua. Ukiandika XHC ndani ya faili hilo unamnyima ruhusa, lakini mashine ikizimwa na kuwashwa amri inasahaulika. Nikaiweka ijiendeshe kila ninapowasha. Ikaendelea kuamka! Wiki mbili nilihangaika, hadi nikagundua kwamba amri ile ni kama swichi ya taa: ukiiandika mara ya pili, ruhusa inarudi. Na mimi nilikuwa nimeiweka sehemu mbili tofauti, moja inazima, nyingine inawasha. Hilo silihesabii mtengenezaji, ni langu.

Nampa nyota tatu kati ya tano. Umbo na kibodi vinastahili nne, lakini mnunuzi asiyejua kufungua terminali, dirisha la kuandikia amri, angebaki na begi lake la moto, akiamini betri ni mbovu.

Wiki iliyopita limekuja sasisho jingine. Limesakinishwa salama, kila kitu kinafanya kazi, nikafunga kifuniko nikaenda kulala. Asubuhi nikagusa begi: joto. Sasisho lilikuwa limerudisha chaguo la usingizi lilivyokuwa mwanzo, bila kusema.